Kinga Ilibaki Mfukoni

Kwa muda wa miaka mitatu saidia fundi wangu aliamini kwamba yeye ndiye aliyesababisha nikatike kidole. Hakuwahi kunitamkia. Nilijua kwa namna alivyokuwa akiwahi kunipokea mfuko wa vifaa kila asubuhi, na kwa namna macho yake yalivyoukwepa mkono wangu wa kushoto tukikaa kula. Nami nilinyamaza. Sikumwambia kwamba ni yeye, lakini sikumwambia pia kwamba si yeye, na ukimya wa aina hiyo kwa kijana wa miaka 19 ni hukumu tosha.

Mimi ni fundi wa kupaua hapa Tabora mjini. Nimeezeka nyumba Ipuli, Isevya, Kiloleni, mpaka Malolo, na huko nyuma nilifanya pia kazi ya kufunga boksi, yaani zile fremu za mbao za kumwagia zege ya linta. Naandika kwa sababu kila mvua zikikaribia nasikia habari ya fundi mwingine aliyekatwa na mashine, na maneno ya kumfariji ni yale yale niliyoambiwa mimi: ajali haina kinga. Ajali yangu ilikuwa na kinga. Ilikuwa ndani ya mfuko wa vifaa pamoja na skrubu yake, na aliyeifungua ni mimi, kwa mkono wangu, saa mbili ya asubuhi ile ile.

Ilikuwa mwanzoni mwa Novemba 2016, Ipuli. Wanaoijua Tabora wanaujua mwezi huo. Maembe yanaanza kuiva, joto la Oktoba bado limekalia mji, na wingu likianza kujikusanya alasiri kila mwenye nyumba isiyo na bati anakosa usingizi. Kuta za tofali za kuchoma zilizojengwa kwa udongo hazingoji mvua nyingi; mbili tatu kubwa zinatosha kuyeyusha tope kwenye viungo. Mwenye nyumba alitaka bati ziwe juu ndani ya siku nne, nami nikakubali siku nne, ingawa nilijua kazi ile ni ya siku saba. Hapo ndipo pa kwanza nilipokosea, na hapakuwa na mashine yoyote karibu.

Mbao zilikuwa za misindano, 2 kwa 4 na 2 kwa 6 za kenchi, na 2 kwa 2 za papi, zile zinazopigiliwa bati. Zilikuwa zimeshuka kwenye lori kutoka Mafinga zikiwa mbichi. Ukipitisha kiganja, utomvu unanata. Siku hizi mninga hauendi kwenye kenchi. Ni mti wa milango na vitanda, na bei yake si ya kupaulia. Wazee wetu waliupasua kwenye shimo kwa msumeno wa watu wawili, mmoja juu ya gogo, mwenzake chini anakula unga wa mbao siku nzima. Mzee aliyenifundisha kazi kule Ng'ambo alipitia shimo hilo. Kabla hajakata ubao alikuwa akiuinua upande mmoja, anafumba jicho, anautazama urefu wake wote kama mtu anayelenga, halafu anasema, "Huu una kinyongo." Maana yake ubao umejikunja ndani kwa ndani, na ukiufungua kwa msumeno utataka kujifunga tena. Mzee akikuta kinyongo alikuwa akitia kabari ndogo kwenye njia ya msumeno nyuma ya mkono wake, ndipo anaendelea. Nilikuwa kijana, niliona anapoteza muda.

Siku ile ya Ipuli msumeno wetu wa umeme, ule wa duara, ulikuwa umekwisha kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye mota. Nikaazima grainda kubwa ya inchi 7 kwa jirani anayechomelea mageti. Nikafungua jiwe la kukatia chuma, nikafunga diski ya mbao yenye meno. Kinga, kile kibati kinachofunika diski, ilizuia diski isizame vya kutosha kwenye mbao ya 2 kwa 6, nikaifungua, nikaiweka mfukoni.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu najua mafundi wengi wanaosoma wana grainda ya namna hiyo sasa hivi, tena wanaipenda kwa sababu ni nyepesi, inaingia pembeni, na bei yake ni chini ya msumeno. Msumeno wa duara umetengenezwa kwa ajili ya mbao. Una sahani bapa inayolala juu ya ubao ili mashine isiyumbe. Una kinga ya juu isiyotembea na ya chini yenye springi, ambayo inasukumwa na mbao unapoingia na inarudi yenyewe kufunika meno mara unapotoka. Swichi yake unaishika kwa kidole. Ukiiachia, umeme unakatika. Diski ya inchi 7 na robo inazunguka kama mara 5,000 kwa dakika, na hata hapo ncha ya jino inakwenda zaidi ya kilomita 170 kwa saa.

Grainda ya inchi 7 inazunguka kama mara 8,500. Ncha ya jino inakaribia kilomita 290 kwa saa. Diski niliyofunga ilikuwa imechapwa ubavuni mwisho wake: 7,000. Nilikuwa nimezitumia diski za aina hiyo miaka minne na sikuwahi hata mara moja kusoma namba hiyo. Grainda haina sahani ya kulalia mbao, inaning'inia mkononi tu. Na swichi yake ukishaisukuma mbele inajifunga hapo. Ukiiachia mashine, yenyewe haijui kama umeiachia.

Miaka minne niliifanya hivyo na sikupata hata mkwaruzo. Hiyo miaka minne ndiyo iliyoniponza. Kila jioni niliyorudi nyumbani mzima ilinifundisha kwamba kinga ni kitu cha watu waoga, na hakuna mwalimu anayesikilizwa kama mazoea.

Saa kumi jioni tulikuwa kenchi ya sita. Hatukuwa tumekula mchana. Mama lishe alikuja na sufuria ya ubwabwa na maharage saa saba, nikamwambia ashushe chini ya mwembe, tutakula tukimaliza. Wingu lilikuwa jeusi upande wa mashariki na upepo umeanza kuinua vumbi.

Ubao wa 2 kwa 6 ulikuwa umelala juu ya mafungu mawili ya tofali, fungu moja kila mwisho, na mstari wangu wa penseli ulikuwa katikati. Mkono wa kulia umeshika grainda. Mkono wa kushoto umekandamiza ubao, shibiri moja kutoka kwenye mstari. Kijana amesimama mwisho wa ubao. Nilipofika kama theluthi mbili ya upana, sauti ya mashine ikashuka, ikaanza kukoroma, na moshi mwembamba wenye harufu ya utomvu ukatoka kwenye njia ya meno. Ubao ulikuwa unazama katikati kwa uzito wake na kuibana diski. Ilitakiwa nizime. Badala yake nikapaza sauti:

"Inua kidogo, dogo!"

Akainua. Alifanya nilichomwambia, upesi, kwa moyo wote, kama anavyofanya kila saidia fundi anayetaka kesho aitwe tena. Na alipoinua mwisho wa ubao, zile pande mbili zikakunjana kama kitabu kinachofungwa, na diski ilikuwa katikati ya kurasa.

Mashine ikapiga teke. Sina neno lingine. Mkono mmoja hauwezi kuizuia mashine inayopiga teke, na hata miwili inahitaji uwe umejiandaa. Ilipanda kutoka kwenye njia yake, ikapita juu ya ubao kuja upande wangu, na nilichohisi ni kama mtu amenipiga vidole kwa rula. Hakukuwa na maumivu. Niliona kwanza unga wa mbao umebadilika rangi. Grainda ilianguka mchangani ikiwa bado inazunguka, inajitupa huku na huku kama kuku aliyechinjwa, inakuja miguuni kwetu. Kijana hakukimbia. Aliruka juu ya ubao mpaka kwenye ekstensheni akang'oa plagi. Kwa miaka mitatu alikumbuka alivyoinua ubao, akasahau kwamba ndiye aliyeiua ile mashine. Nami sikumkumbusha.

Kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kilikatika kwenye kiungo cha pili. Cha kati kilibaki, lakini mshipa wake wa kukunjia ulikatwa.

Yaliyofuata nayaeleza kwa makini kwa sababu tulikosea karibu kila hatua, na makosa hayo nayaona yanarudiwa. Watu walijaa. Mmoja alikuja na sukari kwenye kiganja ili animwagie kidondani, mwingine anasema mafuta ya taa. Mama lishe, Mungu ambariki, aliwasukuma wote, akavua kanga safi ya juu, akaikunja, akanibana kwa nguvu, akaniinulia mkono juu ya kichwa. Hilo ndilo lililokuwa sahihi, na lingetosha. Kitambaa safi, kubana moja kwa moja juu ya kidonda bila kufunuafunua kuchungulia, mkono juu, basi. Lakini kijana wa bodaboda aliona damu imelowesha kanga, akafungua mpira wake wa kufungia mizigo, ule uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, akanizungushia juu ya kifundo na kuukaza kwa meno. Ulikaa pale njia nzima na kwenye benchi ya kusubiri. Muuguzi alipoukata kwa mkasi, mkono ulikuwa umevimba na kuwa wa buluu. Aliniambia kamba nyembamba namna ile inaweza kuua nyama na mishipa ya fahamu chini yake. Kufunga kwa kukaza ni kwa damu inayotiririka na kukataa kabisa kusimama kwa kubana, na hapo hutumika kitambaa kipana, na saa kilipofungwa inaandikwa ili daktari aijue.

Kidole kilipatikana kwenye unga wa mbao. Mtu mwenye nia njema alikiokota, akakitia kwenye mfuko wa barafu ya kuuza, barafu tupu. Kilifika hospitali kimeganda na kuwa cheupe kama mshumaa. Kama utapatwa na jambo hili, au mwenzako, sikia: kidole kilichokatika kinafungwa kwenye kitambaa safi kilicholoweshwa kidogo kwa maji safi, kinatiwa kwenye mfuko wa nailoni unaofungwa vizuri, kisha mfuko huo ndio unawekwa juu ya barafu iliyochanganywa na maji. Nyama isiguse barafu. Barafu inaiunguza nyama kama moto unavyoiunguza.

Nilimuuliza daktari kama kingeshonwa iwapo tungekitunza hivyo. Alikuwa mtu mpole, alivuta kiti akakaa. Akasema kisu kikikata, pande mbili zinabaki zilezile, unaweza kuzirudisha pamoja. Msumeno haufanyi hivyo. "Wewe ni fundi," akasema. "Ukikata mbao, kuna sehemu inayogeuka unga. Na kidole ni hivyo hivyo." Alinionyesha kwa ncha ya kalamu: milimita tatu hivi za mfupa, mishipa na ngozi zilikuwa hazipo tena mahali popote duniani. Kila siku nilikuwa napima na kuacha nafasi ya unene wa diski, upande huu wa mstari au ule. Sikuwahi kuwaza kwamba mwilini mwangu pia diski ingetaka nafasi yake.

Akaniuliza pia lini mara ya mwisho nilichomwa sindano ya pepopunda. Sikujua. Hakuna fundi kwenye genge letu aliyejua, na sote tulikuwa tunakanyaga misumari ya boksi kila wiki. Nilichomwa siku ile, nikapewa tarehe ya kurudi, nikarudi. Hilo ni jambo dogo ambalo halingoji ajali; nenda ukaulize kwenye zahanati ya karibu.

Mvua zilianza siku tatu baadaye. Nilizisikia nikiwa nimelala, zinapiga bati za nyumba za watu. Kenchi zangu sita zilimaliziwa na fundi mwingine. Ujira wangu ulikuwa 15,000 kwa siku, wa kijana 8,000, na tulikuwa tunalipwa kwa siku tuliyofanya kazi. Mwenye nyumba alinipelekea 50,000 kwa mkono wa mtu, na hatukuonana tena. Sikuwa na mkataba wala karatasi. Tangu Novemba mpaka mwishoni mwa Januari nyumba yangu iliendeshwa na mke wangu, aliyekuwa akiamka saa kumi alfajiri kukaanga maandazi ya kupeleka stendi. Simlaumu sana yule bwana. Hata mimi ningemwajiri fundi kwa maneno matupu, ndivyo tulivyozoea. Lakini nilipokuja kufanya kazi kwenye jengo la ghorofa chini ya mkandarasi, mwaka 2018, ndipo nilipojua kuna Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 na mfuko wake, ule tunaouita WCF, ambao mwajiri ndiye anayechangia na mshahara wa mfanyakazi haukatwi hata senti. Mwenzetu mmoja pale aliteguka bega, akajaziwa fomu, akatibiwa, akalipwa. Niliona wivu, nasema kweli. Vidole viwili vyangu havikuwa vimeandikwa mahali popote. Ukiingia kwenye jengo la mkandarasi, hata kama ni kibarua, uliza siku ya kwanza kama jina lako limo. Ukiumia, hakikisha taarifa inaandikwa siku ile ile, usikubali kuambiwa "tutaongea".

Pale ghorofani niliona pia kitu nilichokuwa nakidharau. Msimamizi alikuwa haruhusu mashine ivuliwe kinga, akitaja Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 na wakaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini. Wiki ya kwanza tulinung'unika kwamba kazi inachelewa. Mimi nilinung'unika kwa sauti ndogo, mkono wa kushoto mfukoni. Lakini kazi haikuchelewa. Mbao ilikuwa inabanwa kwa klampu mbili kwenye benchi, mikono yote miwili iko kwenye mashine, na diski imeshushwa kiasi kwamba meno yanachungulia chini ya mbao milimita chache tu. Nilikuwa siku zote naishusha diski yote, nikidhani ndiyo inakata vizuri. Kumbe jino linalozidi kushuka chini linatafuta tu cha kukamata.

Na pale ndipo niliposhuhudia jambo la umeme. Umeme ulikatika saa nne asubuhi, kijana mmoja alikuwa na grainda mkononi, mashine ikanyamaza, akailaza kwenye benchi na kwenda kunywa maji. Swichi ilikuwa bado mbele. Umeme uliporudi, mashine iliwaka yenyewe, ikateleza mpaka ukingo wa benchi, ikaanguka karibu na mtu aliyekuwa amechuchumaa kupima. Ilikata mguu wa suruali yake. Nilikaa chini, magoti yalikuwa hayanibebi. Tangu siku hiyo umeme ukikatika, neno la kwanza kutoka kinywani mwangu ni "plagi". Hatutazami kama ni kwa jirani pia, hatulalamiki, tunang'oa plagi kwanza.

Wengi wamenishauri kwamba ningevaa glavu nisingeumia. Naomba wazo hili liachwe. Glavu ya kitambaa au ya ngozi ni nzuri kubebea mbao na bati, lakini mbele ya meno yanayozunguka inakamatwa, na ikikamatwa inauvuta mkono mzima uliomo. Afadhali mkono mtupu ulio mbali. Shati la mikono mirefu inayopepea, saa yenye mkanda, bangili, kamba ya kofia, vyote hivyo vivuliwe. Miwani ya macho ndiyo ivaliwe. Na mbao za boksi zilizokwishatumika zikaguliwe kwa macho na kupapaswa kabla hazijapelekwa kwenye meno, maana msumari mmoja uliojificha ndani ya zege kavu unatosha kuirusha mashine.

Mkono wangu unafanya kazi. Nashukuru. Kwenye baridi ya Juni na Julai kile kidole kisichokuwepo kinauma kwenye ncha yake, ncha ambayo niliiona kwenye mfuko wa barafu, na sijui nimweleze nani akanielewa. Kilichonisumbua zaidi ni misumari. Fundi hushika msumari kwa kidole gumba na cha shahada; sina cha shahada, na cha kati hakikunjiki. Nilipiga kidole gumba kwa nyundo wiki nzima mpaka ukucha ukang'oka. Halafu nikakata kipande cha kandambili kuukuu, nikakipasua kidogo kwa kisu, nikawa naubanisha msumari pale, nashika mpira, nagonga. Ukishaingia kidogo navuta kandambili. Ninacho mpaka leo, ni cha nne sasa, na vijana wenye mikono mizima wameniiga.

Yule kijana aliniacha mwaka 2019, akaenda Urambo kwa wajomba zake. Siku ya kuondoka alikuja nyumbani kuaga, akakaa kwenye kigoda, akanywa chai bila kusema neno. Akasimama, akasema, "Fundi, nisamehe ile siku."

Nilikuwa nimejiandaa kumpa nauli na maneno ya baraka. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nikaingia ndani, nikaleta ule mfuko wa vifaa, nikamwaga vilivyomo juu ya mkeka. Kinga ya grainda ilikuwepo bado, imeota kutu pembeni, skrubu nimeirudisha kwenye tundu lake ili isipotee. Mwenye grainda hakuwahi kuidai. Nikamwonyesha. Nikamwambia asubuhi ya siku ile niliifungua hii wewe ukiwa unashusha mbao. Nikamwambia nilipanga tofali mahali pasipofaa, nilikataza tusile, nilishika mashine kwa mkono mmoja, na ubao ulipobana mimi ndiye niliyesema inua. "Ungekataa kuinua ningekugombeza," nikamwambia. "Wewe ulitii. Halafu ukang'oa plagi."

Alishika ile kinga akaigeuzageuza. Hakulia, wala mimi. Aliniomba aende nayo, nikampa.

Mwaka jana nilikwenda Urambo kwenye msiba, nikapita kumsalimia kazini. Sasa ni fundi, ana vijana wawili chini yake. Nilimkuta uani anakata mbao za kenchi kwa msumeno wa duara wenye kinga zake zote, ubao umebanwa kwenye benchi, upande unaokatwa umeachwa unaning'inia nje bila kushikwa na mtu. Kijana mdogo aliuona mwisho wa ubao unaanza kuinama, akasogea mbio na mikono mbele aushike.

"Achia!" akamwambia, bila kugeuza kichwa. "Hiyo yako ni kuachia tu."

Kijana akarudi nyuma hatua moja. Kipande kikakatika, kikaanguka mchangani. Fundi wangu akaachia swichi, akasubiri diski isimame kabisa, ndipo akaja kunipa mkono.